Nyuzi Nilizozigeuza

Mama Wawira,

Sijakuandikia barua tangu ulipokuwa msichana wa Nchiru na mimi mwalimu mpya nisiye hata na kitanda. Siku hizo nilikuwa na maneno mengi. Leo nimekaa hapa mezani tangu saa nne asubuhi, chai imepoa mara mbili, na kila ninachoandika nakifuta. Kwa hiyo nitaanza na habari za nyumbani, kama ulivyokuwa ukianza wewe ukipiga simu.

Yule ng'ombe mweusi alizaa, ndama jike. Kahawa ya upande wa mto imepogolewa, si vizuri sana, lakini imepogolewa. Wawira bado anakaa mtaa wa Dallas, hapo mjini, na kila Jumamosi anakuja kuangalia kama baba yake anakula. Mimi hulowesha sufuria kabla hajafika ili ajue nilipika. Jumapili ijayo inatimia mwaka tangu tukuzike. Watu wa kanisa watakuja hapa Manyatta kwa maombi ya ukumbusho, na mchungaji ameomba nipige gitaa.

Ndiyo, mimi. Na gitaa ni lako.

Nilianza miezi miwili baada ya mazishi. Nyumba ilikuwa kimya, redio inanichosha, na hilo gitaa lilikuwa limening'inia ukutani sebuleni likinitazama. Nikalifuta vumbi, nikalifunga kwa leso yako, nikaenda nalo kwa Nyaga, yule kinyozi wa Dallas aliyekuwa akikufundisha. Miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu, nimeketi kwenye benchi ya kinyozi kama mtoto wa chekechea. Unajua nisivyopenda kuwa mtu asiyejua. Vidole vilinivimba mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Kwa miezi minne nilijifunza mishiko mitatu ya nyuzi, na katika hiyo mitatu mmoja ni wa kusaidiwa na Mungu.

Lakini ni siku ya kwanza kabisa ninayotaka kukuambia. Nyaga alilipokea gitaa, akalitazama shingoni. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe mama alikugeuzia nyuzi. Hii ilikuwa ya left. Mimi mwenyewe ndiye nilimfungia, juu ya vile yeye alikuwa anapiga na mkono wa kushoto." Akatikisa kichwa, akacheka kwa upole. "Huyo mama alikuwa anakupenda design ingine."

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimekufanyia. Na hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nilisema, "Ee, alikuwa mtu mzuri," nikanyoosha mkono kulichukua gitaa.

Acha sasa niandike yote, hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu sijawahi kuyasema kwa mtu.

Ulirudi nalo kutoka kwa dada yako Makena, kule Nchiru. Mwanafunzi aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya kioski chake alimaliza masomo akaliacha, na wewe, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, ukaja nalo nyumbani umelipakata. Jioni hiyo tulikuwa na wageni, wale wazee wa kamati ya maji. Nikawaambia, "Wazee, nitafutieni bibi mwingine, huyu wangu ameenda kuwa superstar." Walicheka sana. Wewe pia ulicheka kidogo, ukaendelea kumimina chai. Kuanzia hapo ukawa unapiga kwenye stoo ya kahawa, katikati ya magunia, mlango umefungwa. Nilikuwa nikipita na ndoo nasikia sauti yake. Miaka miwili, Mama Wawira, sikuwahi kufungua mlango ule hata siku moja nikuone umelishika. Ndiyo maana sikujua unalishika upande gani.

Lakini mkono wako niliujua. Hapo sina pa kujificha. Viazi ulimenya kwa kushoto, ng'ombe ulimkamua kwa kushoto, panga ulishika kwa kushoto. Wageni wakija ulikuwa unabadilisha, unawapa kikombe kwa kulia, kwa sababu wiki ya kwanza ya ndoa yetu mama yangu alikuambia kwamba katika nyumba hii mzee hapokei kitu kutoka mkono ule. Mimi nilikuwepo. Nilisikia, nikanywa chai yangu.

Na shuleni nilikuwa vivyo hivyo. Unamkumbuka Rwamba, yule msichana wa darasa la pili aliyekuwa akiandika kwa kushoto? Nilimpiga rula kwenye vifundo vya vidole muhula mzima mpaka akahamia mkono wa kulia, na mwandiko wake ukaharibika, na mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba ni mzembe. Nilikusimulia habari hiyo tukila, nikijiona mwalimu kweli. Uliniuliza tu huyo mtoto ni wa nani.

Sasa lile kosa lenyewe. Makena alifanyiwa upasuaji, ukaenda Nchiru wiki mbili kumwuguza. Nikaingia stoo kutafuta makasi ya kupogolea, nikalikuta gitaa limelala juu ya gunia. Nikaketi nikaliweka pajani, kama nilivyokuwa nimeona watu wakifanya kwenye simu ya Wawira. Uzi mnene hukaa juu, upande wa kidevu. Wako ulikuwa chini. Nikahakikisha mara mbili. Nilifurahi, nakiri. Nilifurahi kama nilivyokuwa nikifurahi nikipata kosa kwenye daftari la mtoto hodari. Nikasema, maskini Mama Wawira, miaka miwili anahangaika na nyuzi zilizofungwa kinyume, ndiyo maana sijasikia wimbo wa maana ukitoka humu. Nikalipeleka mjini kwa fundi wa redio, nikamwonyesha picha ya gitaa, akazipanga upya zote sita. Nikapigilia msumari sebuleni nikalitundika mahali pa heshima. Uliporudi, kabla hujaweka hata mkoba chini, nilikuvuta mkono uje uone.

Uliangalia shingo yake. Ulipitisha kidole kimoja juu ya nyuzi, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha ukasema, "Asante, Baba Wawira. Umefanya kazi." Ukaingia ndani kubadilisha nguo, ukakaa huko muda mrefu, na mimi nikadhani ni uchovu wa safari.

Wiki iliyofuata ulisema vidole vinakusumbua kwa sababu ya baridi. Hukulishusha tena. Na mimi, kila mtu akiuliza mbona siku hizi stoo iko kimya, nilikuwa na jibu tayari: vidole vya mama vimezeeka. Nililisema mbele yako. Nililisema hata siku ya harusi ya mpwa wako, na watu wakacheka tena.

Nyaga angeweza kukurudishia nyuzi hizo kwa nusu saa. Nimejiuliza sana kwa nini hukumpelekea. Nadhani ulichoka. Ulisahihishwa ukiwa mtoto, ukasahihishwa na mama yangu, na uzeeni ukapata kitu kimoja kilichokaa upande wako, nikakifuata mpaka stoo.

Ningekuwa nimekosea tu ningeweza kusema sikujua. Lakini tangu siku ile kwa kinyozi nimejua, na sikiliza nilichofanya. Nyaga aliwasimulia wateja wake. Wateja wakasimulia kanisani. Siku nilipopiga mara ya kwanza mbele ya kanisa, na mishiko yangu mitatu, hadithi ilikuwa imeshafika kabla yangu: kwamba Mama Wawira alihisi anaenda, akageuza nyuzi za gitaa lake kimyakimya ili mume wake asibaki mpweke. Mchungaji alifanya mahubiri kwayo. Aliwaambia vijana wanaotaka kuoana waje wajifunze upendo kwetu. Kina mama wakajifuta macho, na mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni majonzi. Wawira alinishika bega. Amewasimulia watoto wake habari hiyo, nao huniomba nirudie.

Nami hurudia. Niliipenda hadithi ile, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nilipenda kuwa yule mume.

Mtu mmoja tu hakujifuta macho. Mama Mutugi, rafiki yako wa kikundi cha akina mama, alikaa kitini mikono imekunjwa mpaka ibada ikaisha. Alinisubiri nje karibu na tangi la maji. Akasema, "Mwalimu, hiyo story ni tamu, lakini mimi najua nani aligeuza hizo nyuzi." Nikamwuliza nani alimwambia. Akakutaja kwa jina lako. "Karimi mwenyewe. Tulikuwa tunachuma kahawa kwangu. Alilia kidogo, halafu akanikataza. Akasema, usimwambie, huyo mzee ataona aibu." Hakungoja nijibu. Alichukua mwavuli wake akaenda.

Nilitembea mpaka nyumbani mchana kweupe nikilia, watu wananisalimia, nami naitikia. Nimekuwa nikidhani ulinyamaza kwa sababu hukujali sana, kwamba gitaa lilikuwa jambo dogo. Kumbe ulilia shambani kwa watu, ukarudi nyumbani ukanipikia, ukanisikia nikisema vidole vimezeeka, ukaniachia. Hukutaka nione haya. Mimi nilikuwa nimekucheka mbele ya wazee wa maji bila hata kufikiri.

Juzi Jumatano nilienda kwa Nyaga. Alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikamwambia hapo hapo, mteja akisikia, kwamba si wewe uliyezigeuza, ni mimi, na nikamweleza kwa nini uliacha kupiga. Alizima mashine. Akasema, "Haya, Mwalimu. Lete." Alifunga nyuzi upande wako bila kupiga stori, yeye ambaye hunyamaza akilala tu. Sikumlaumu.

Nilipofika nyumbani nilienda stoo. Nikaketi juu ya gunia, nikaligeuza gitaa upande wa kushoto, nikajaribu. Mama Wawira, mkono wangu haujui kitu. Ule wa kulia, ambao maisha yangu yote umeshika chaki na rula, sasa ndio unapaswa kubana nyuzi, na unababaika kama si wangu. Ule wa kushoto unakwangua tu. Nilikaa saa nzima bila kupata hata mshiko mmoja. Na kwa miaka yote ile niliwaambia watoto ni mazoea, ni uvivu, badilisha mkono. Nimeuliza habari za Rwamba. Anaishi Runyenjes, ana watoto wakubwa. Sijajua nitamwambia nini nikimwona, lakini nitaenda.

Sasa Jumapili. Nimeogopa siku hii kuliko nilivyoogopa wakaguzi wa shule. Makena atakuja kutoka Nchiru. Kina mama watapika, Mama Mutugi atakuwa hapo kwenye masufuria. Mchungaji atawaambia watu wanyamaze, Mwalimu atupigie. Gitaa limerudi kuwa lako na mimi siwezi kulipiga. Ningeweza kusema uzi umekatika. Ningeweza kusema vidole. Wangeniamini, na ningeendelea kuwa yule mume mpaka wanizike kando yako, na wajukuu wangeisimulia hadithi ile kwenye mazishi yangu.

Ninayemwogopa ni Wawira. Wengine watasema wiki moja halafu watachoka. Yeye alikuwa anakupenda sana, na katika mwaka huu hadithi hiyo ndiyo iliyomshika mkono. Nitamnyang'anya mbele ya watu. Huenda Jumamosi moja asije. Huenda zikawa nyingi. Nilifikiri nimwambie yeye peke yake, jikoni, kisha tukubaliane tunyamaze, na nikagundua kwamba hata hapo ninatafuta mtu mwingine wa kunifichia. Nitamwambia Jumamosi, kwa sababu anastahili kusikia kwanza. Na Jumapili nitasema, hata akinisihi nisiseme.

Nimeshaandika maneno yenyewe, ni machache. Karimi hakunigeuzia nyuzi. Alikuwa anapiga gitaa kwa mkono wake wa kushoto, na alikuwa ameanza kulijua. Mimi nilimcheka, halafu nikalitengeneza lisipigike naye, na hakupiga tena. Kisha nitakaa chini, waimbe bila gitaa.

Jumatatu nitarudi kwa Nyaga, kama atanikubali, nianze somo la kwanza kwa mkono wako. Kwa umri wangu huenda nisifike popote nalo. Nakuahidi nitapigia sebuleni, mlango wazi, na atakayetaka kucheka acheke.

Uliniogopea aibu hii mpaka ukaingia nayo kaburini. Ilete hapa, Karimi. Jumapili nitaibeba mwenyewe, na wewe upumzike.

Mume wako,
Njeru