Kiungio cha Kuria Nimekirudisha

Baba Cheryl mpenzi,

Usinikasirikie kwa kimya hiki kirefu. Nikitoka kazini kutunza wazee nakuwa hoi, na kwenye simu hunipi nafasi ya kusema. Cheryl sasa anafunga viatu mwenyewe.

Ile trela ya kuvutwa na gari, tutakayoishi huko kwako Ohio, nimeijaribu hapa Sterling. Akina mama wa kanisa walituaga kwa unga na masufuria, wakavipanga vyote nyuma ya trela. Barabarani ikaanza kuyumba. Cheryl akasema kwa Kizungu chake kwamba nyumba inacheza dansi. Mimi nilitaka kulia.

Nikahamishia mizigo mbele. Kuyumba kukaisha, lakini gari likainama nyuma, pua juu, usukani mwepesi. Kwa hiyo kweli tunahitaji kiungio cha kushika trela na gari, kile kinachogawa uzito hadi magurudumu ya mbele ya gari, ila si kile cha rafiki yako Kuria. Kile ni cha trela yenye uzito mara mbili ya yetu. Vyuma vyake ni vigumu mno, vitatutikisa mpaka kitu kivunjike. Ulisema, "Kikubwa ndicho salama, acha uoga." Nimemrudishia. Nimepima uzito ambao trela iliyojaa inauweka juu ya gari, na nitanunua kinacholingana nao. Nimekukosa sana, lakini bila hicho siji Ohio na mtoto.

Bado nahitaji kitabu cha maelekezo ya trela, ufunguo wa pili, na wewe mwenyewe wikendi moja. Utakaa kiti cha nyuma na Cheryl. Nitaendesha mimi.

Wako yuleyule,
Chelagat