Chuma cha Nyuma na Kona za Bonga

Nangara, Babati
Jumapili jioni

Baba Atu, mume wangu,

Salamu kwanza, maana hasira haimkatazi mtu kusalimia. Hamjambo huko Tukuyu? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mvua imewaachia nafasi ya kuanika hata shuka moja, au bado? Lile jino la Atu limeshang'oka? Na kikohozi cha Lusajo? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo unauma, kucha zimejaa grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga, na moyo umechoka. Kwa nini umechoka utajua, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikifika kwenye neno lenyewe unasema mtandao unakatakata. Karatasi haina mtandao.

Ninachotaka kukuambia ni habari ya gari letu, na kile chuma ulichonitumia.

Unakumbuka likizo iliyopita mlipokuja, wewe, Mama na watoto, nikawatembeza. Tulipofika kwenye zile kona za kupanda baada ya Bonga gari likalala upande mpaka mimi mwenyewe niliyeshika usukani nikaona tumekwisha. Atu akagonga kichwa kwenye kioo, Lusajo akatapika, Mama akamwita Yesu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Kondoa. Tuliposhuka akasema mbele yetu sote, "Wajukuu zangu hawapandi tena hili gari mpaka liache kulala." Nilimwelewa. Ni bibi, aliogopa. Wewe ukaongeza, "Mama Atu, gari likishatulia kwenye kona, watoto watakuja kukaa na wewe." Kukaa, Baba Atu, siyo kutembea. Hayo ni maneno yako, sikuyaota.

Na kabla ya gari ilikuwa nyumba. Nilipohamishiwa huku kazini ulisema chumba kimoja cha kupanga hakiwatoshi watoto, wabaki kwanza kwa bibi yao. Sawa. Nikatafuta nyumba nzima hapa Nangara, ina uwanja na mti wa kufungia bembea. Ikawa shule. Nikatafuta shule, iko karibu hata kengele yake naisikia nikiwa jikoni. Ndipo likaja suala la gari.

Chuma chako kilipofika kwa basi nilishangilia peke yangu pale stendi, watu wakanitazama. Nikakifungua kwenye gunia nikakikuta chote: chuma chenyewe kirefu kilichopinda, kile mafundi wanachokiita stebilaiza, raba mbili za kukishikilia kwenye ekseli ya nyuma, na vyuma vifupi viwili vya kukiunganisha na bodi ili gari likitaka kulala upande mmoja, upande wa pili ulivute. Bolti hakuna hata moja. Jamani, mtu anatuma mlango bila bawaba? Nimezunguka maduka ya spea yote ya hapa mjini, naingiza bolti kwenye tundu, hii nene, hii fupi, mpaka wenye maduka wakiniona wanaanza kucheka, ndipo nikazipata zinazofaa.

Fundi sasa. Yule wa karibu na stendi alikitazama, akakigeuza, akakirudisha chini. "Mama, gari lako hiki kitu nyuma halikuja nacho. Kiwandani hawakuweka, wewe unakiweka cha nini?" Nikamwambia kuna watu wawili wadogo wanakihitaji. Akasema njoo kesho. Nikaja kesho, akasema njoo kesho. Wiki ikaisha na kesho yake. Ulipopiga simu nikakueleza, ukajibu kwa utulivu kabisa, "Basi, usijisumbue, mambo mengine ni ya kuacha."

Labda ningeacha. Lakini siku ileile nikaomba kuongea na watoto, Atu akampa mdogo wake simu, nikamsikia Lusajo akimwuliza dada yake, "Mama yupi? Yule wa Babati?"

Mama wa hapo nyumbani ni Mama yako, najua. Anamwita hivyo kwa sababu ndiye anayemwogesha na kumlaza. Simlaumu mtoto, wala simlaumu Mama, namheshimu na Mungu anajua. Ila niliishika ile simu hata baada ya kukatika. Nikajiambia, mimi afisa mifugo, ninayeingiza mkono kwenye ng'ombe mpaka begani nikamtoa ndama mzima, nishindwe na nati?

Jumamosi asubuhi nikavaa ile suruali yako ya zamani uliyoisahau. Nikaazima stendi mbili za chuma za kuliegemezea gari, maana sikuwa tayari kufia chini ya jeki. Nikaweka mawe kwenye matairi ya mbele, nikanyanyua nyuma, nikajiingiza chini ya gari. Na hapo ndipo shida ilipoanza, wala haikuwa ya gari.

Mwanamke kulala chini ya gari hapa mtaani ni jambo la kusimamisha msafara. Wanakwaya walikuwa wanaenda mazoezini, akina mama wa jumuiya wanatoka kwenye sala, na kila mmoja lazima aingie getini. "Mama Atu, gari limekufa?" Halijafa. "Sasa mbona umelala chini yake?" Akaja jirani yangu Mzee Tluway, yule dereva wa malori aliyestaafu, ambaye ng'ombe wake namtibu. Mimi nikaona mabuti tu. Nikasalimia kutoka hukohuko chini, "Shikamoo, Mzee!" Mabuti hayakusogea. Halafu nikamsikia anauliza hewani, "Nani ananiamkia, ni gari?"

Ikabidi nitoke, nijipanguse vumbi, nisimame mbele yake nimwamkie kama mtu. "Marahaba, mwanangu. Habari za Tukuyu? Watoto?" Wazima, Mzee. "Watakuja lini?" Nikifunga hiki chuma, Mzee. Akakiangalia. "Mimi nimeendesha malori miaka yangu yote bila hicho. Gari ukilifunga huko nyuma litakupiga teke. Hata ng'ombe ukimfunga miguu vibaya wakati wa kumkamua anakupiga." Akavuta kigoda, akakaa na kikombe chake cha chai.

Nikarudi chini. Nikikaribia kuingiza bolti, anafika mtu mzima mwingine, natoka, namwamkia. Utafanyaje? Huwezi kumwamkia mzee wa watu huku umemnyooshea miguu. Kila nikitoka nakiweka chuma chini, nikirudi nakinyanyua upya na uzito wake wote. Mara ya mwisho alikuwa mama mchungaji, na huyo hasalimii kwa kifupi, anaulizia mpaka kuku. Niliporudi nilikiokota kile chuma, nikakipandisha, kikakubali, bolti zikaingia zote. Nikakaza mpaka nikaona nyota. Nikashusha gari, nikaenda kulijaribu barabara ya Bonga.

Ngo! Ngo! Ngo! Kila kishimo, ngo! Nikageuza hata kona sijaifikia. Nikaingia chini tena nikatazama, Baba Atu, nikataka kulia: nilikuwa nimekifunga juu chini. Ule mpindo wake wa katikati umetengenezwa upite mbali na bomba la moshi, mimi nimeugeuza unaligonga bomba lenyewe. Nilikiokota vibaya baada ya mama mchungaji na habari za kuku. Kwa hiyo kila nati niliyoikaza kwa jasho langu ilibidi niilegeze.

Nikakaa chini nimeegemea tairi, nikalia kweli, wala sioni aibu kukuambia. Nikakupigia. Nilitaka uniambie tu, "Pole, Mama Atu, jaribu tena." Nikakusikia ukisema, "Acha, bwana. Kwani lazima waje likizo hii?"

Ile sauti ya ngo ngo ilikuwa nafuu.

Nilijifuta uso nikamwendea Mzee Tluway, ambaye alikuwa hajaondoka kwenye kigoda. Nikamwambia, "Mzee, nakuomba jambo moja. Kaa pale getini, unipokelee salamu zangu zote." Akauliza, "Hata za mama mchungaji?" Hasa hizo. Akahamishia kigoda getini, na kuanzia hapo nikawa namsikia tu: "Marahaba. Hajambo. Yuko kazini. Watoto wazima. Kuku wazima. Pita." Hakuvuka mtu yeyote. Nikazipaka raba grisi, nikakiweka chuma kama kinavyotakiwa, nikaingiza mkono kati yake na bomba kuhakikisha nafasi ipo. Nikashusha gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo nikakaza nati za vile vyuma vifupi. Kabla jua halijashuka nilikuwa nimemaliza.

Leo baada ya ibada nikamwomba Mzee anisindikize. Akakaa kiti cha nyuma, upande uleule aliokaa Mama, na kikombe cha chai mkononi maana alikataa kukiacha. Nikapita Bonga, nikaanza kupanda. Nakwambia gari limeshika barabara! Kona ya kwanza, kimya. Ile ya pili, ambayo Atu aligongea kichwa, nikaipita kwa mwendo uleule wa siku ile, natazama kioo cha ndani. Chai haikumwagika. Mzee akaniuliza, "Hiyo kona mbaya iko wapi?" Tumeshaipita, Mzee. "Aa, basi rudi, sikuiona." Tukarudi tukaipita tena kwa ajili yake. Nilicheka mpaka nikasimamisha gari pembeni.

Nikakupigia palepale, bado nacheka. Nikakuambia, Baba Atu, limetulia, halilali tena, shahidi ninaye. Ukasema ngoja kwanza. Nikadhani ni mtandao. Halafu ukasema, "Vizuri. Lakini Mama anasema huko Babati kuna baridi, watoto watapata vichomi."

Baridi! Mtu wa Tukuyu unaniambia habari za baridi ya Babati! Huko ambako nguo haikauki mpaka uivae ikukaukie mwilini, ambako nilipokuja kuolewa nililala na masweta mawili! Mzee Tluway alinisikia nikipaza sauti, akauliza kuna nini, nikashindwa kumwambia. Ningemwambiaje?

Basi nikuambie wewe. Nimechoka. Nimechoka kufunga kitu na kukuta kingine kimelegezwa. Kumbe shida haikuwa nyumba, wala shule, wala gari. Mama ameizoea nyumba yenye watoto, na wewe unashindwa kumwambia kwamba wana mama yao. Naelewa kwamba ni vigumu. Nyumba itakuwa kimya, Mama atalia, na wewe ndiye utakayebaki naye. Lakini mimi kimya hicho ninacho hapa kila jioni nikirudi kazini, na mtu wa kunionea huruma hajatokea.

Kwa hiyo sikuombi tena uwalete. Nimeomba likizo na nimepewa. Ijumaa alfajiri naondoka na hili gari, mimi mwenyewe. Nitalala Dodoma, nitalala Makambako kwa dada yangu, Jumapili nitakuwa mlangoni kwenu. Sitakimbiza. Kona za kutoka Uyole mpaka hapo ni nyingi kuliko za Bonga, na ninazisubiri kwa hamu. Nitawachukua wanangu, na Mama kiti chake kipo, kilekile, akipenda aje nao akae hata mwezi mzima. Nasema kwa moyo mweupe, sitaki kumnyang'anya mtu wajukuu.

Barua hii naikabidhi kwa basi la kesho pamoja na mfuko. Vitunguu saumu vya Mbulu ni vya Mama, mwambie shikamoo yangu naileta mwenyewe. Mbaazi ni za wifi yangu Anyisile, namshukuru sana kwa kumsuka Atu nywele wakati sipo. Mdogo wako Ambwene, shemeji yangu aliyesema mwanamke hawezi kutofautisha spana na kijiko, mwambie aandae maji ya kuoshea gari. Mzee Tluway anakusalimu, anasema ukija huku utamwamkia yeye, siyo gari.

Atu mwambie asing'oe lile jino mpaka nifike. Na Lusajo mwambie mama anakuja. Akikuuliza ni mama yupi, usimjibu. Nitamjibu mwenyewe.

Mkeo mwenye kucha nyeusi,
Mama Atu