Gari ya Modeste Haiendi kwa Bashige

Katindo, Goma
Tarehe 21 julai 2024

Mupendwa mudogo wangu Olivier,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na bibi yako Uwizeye na wale watoto wenu wenye kuongea Kifaransa kama maji ya mufereji. Mugongo wako unaendeleaje? Uwizeye aliniambia siku hizi unalala chini kwenye zulia. Usilale chini, Olivier, wewe si gunia ya viazi. Uende kwa daktari, na usimudanganye daktari kama ulivyokuwa unamudanganya mama yetu.

Sisi huku tuko wazima. Kiangazi kimeshika, mavumbi yamezidi, shuka nyeupe ukiianika asubuhi unaianua ya kijivu. Lakini tunakula, tunasali, tunalala. Mungu asifiwe.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza, nikaupumzisha, nikausikiliza tena, Bénita akiwa amekaa pembeni yangu anachambua maharagi. Ulisema tumekuwa wapumbavu. Ulisema Bénita binti yangu aache kazi ya vyuma, kwani hakuna bwana atakayeoa musichana mwenye grisi kwenye kucha. Na ulisema tukisha kupeleka mahari ya kaka yake Cikuru kule Munigi, gari ya marehemu bwana yangu iende kwa Bashige, mambo yaishe.

Ningekujibu kwa simu, lakini kwa simu unanikata maneno, umenikata tangu utoto. Barua haina wa kuikata. Twagirimana anasafiri kesho, atakuletea mukononi. Kaa kwenye kiti, si kwenye zulia, usome.

Kwanza, gari haikumuangukia mutoto.

Najua Bashige alikuambia hivyo. Najua pia alikuambia kwa machozi, maana machozi ya shemeji yangu yako karibu kama mate. Tangu siku tulipomuzika Modeste, huyu mudogo wake anaizunguka ile Subaru kama mutu anayenunua ng'ombe. Anaipiga kofi kwa nyuma, anachungulia chini, anatikisa kichwa. Anasema mukia unacheza, kwa hiyo shasi imekatika, na gari yenye shasi iliyokatika haitengenezwi, inachinjwa: huyu anachukua motere, mwingine anachukua milango. Na garaje ya kuichinjia ni ya nani? Ni yake.

Mukia ulikuwa unacheza, hilo sikatai. Nilikuwa napanda ndani yake kila jumapili. Ukikata kona, mbele inaenda, nyuma inafikiri kwanza. Lakini Bénita aliingia chini na tochi ya simu, akatoka uso mweupe kwa mavumbi, akasema shasi iko nzima kabisa. Kilichokufa ni silembloki, ile mipira midogo inayokaa kwenye mwisho wa mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya nyuma. Kwa mawe yetu haya ilipasuka, ikawa kama mukate wa juzi. Ndiyo maana alikuomba zile ngumu, nyekundu, wanazoweka kwenye magari ya mbio. Na wewe mwenyewe ulizituma, ukasema ni zawadi ya diploma yake. Umesahau? Mimi zawadi sisahau.

Sasa siku yenyewe. Wewe ulizaliwa hapa, unajua sisi kila kitu tunakisimamisha juu ya mawe ya volkano. Nyumba, ukuta, choo, hata jiko langu. Basi na gari tukaona itasimama. Bénita akainua nyuma na kriki, akapanga mawe upande huu na upande ule. Kumbe kuna jiwe lililojaa, na kuna lile lenye matundu, kwa macho ni kubwa, ndani ni hewa tupu. Nililichagua mimi, kwa sababu lilikuwa zuri, limekaa sawa kama kiti. Bénita alikuwa bado amesimama, anaisukuma gari na kiuno, maana haingizi kichwa chini ya kitu ambacho hajakitikisa. Hivyo alivyosukuma, jiwe likasagika kama biskuti, gari ikakaa chini upande mumoja. Hakuumia mutu. Hata kucha, zile kucha unazoziogopa.

Bashige akafika kabla mavumbi hayajatulia, sijui nani alimuita. Akasimama mulangoni, mikono nyuma, akasema mbele ya majirani:

«Mama Cikuru, gari ya mwanaume inataka mwanaume. Nitume vijana waivute?»

Nikamujibu: «Shemeji, mwanaume wake tulimuzika, na aliacha binti. Ingia ule fufu, ukisha kula uende.»

Akaingia, akala fufu na samaki wadogo wa sambaza, akaomba na pilipili. Akaenda. Halafu akakupigia simu.

Jirani yetu Habineza, yule anayechonga chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, ndiye alivuka barabara bila maneno mengi. Alileta vigogo vya mukaratusi, vile vinene anavyokata shingo ya chukudu. Akasema kama vinabeba magunia ya makala ya kupikia kutoka juu mpaka sokoni, vitabeba na hii. Vilibeba. Bénita akavitikisa na kiuno, akavitikisa tena, akaniambia na mimi nitikise. Nilitikisa kwa uzito wangu wote, na uzito wangu unaujua. Hapo ndipo akalala chini.

Olivier, ungemuona. Kwanza kabla ya kufungua boloni zinazoshika ile mikono ya chuma aliniomba verni yangu ya kucha, ile nyekundu ya Pasaka. Nikafikiri mutoto leo amekumbuka kujipamba. Akaingia nayo chini ya gari. Kuna boloni zingine kule nyuma zina kichwa cha upande, ukizirudisha vibaya kidogo gurudumu linaangalia nje kama jicho la kengeza. Basi kila mahali zilipokaa alipiga mustari wa verni, ili zirudi palepale. Verni iliisha, na iishe. Hiyo ni kazi nzuri kuliko vidole vyangu.

Shida ikawa kutoa mipira ya zamani kwenye vyuma vyake. Ilikuwa imeshikana. Bénita akasema itachomwa, nikamupa mbabula, jiko langu la makala ninalopikia maharagi. Moshi mweusi ukatoka, ukaruka ukuta. Sasa wewe umekaa Ulaya, umesahau: Goma ukisikia harufu ya mupira unaungua, hauulizi ni gari ya nani. Unajua vijana wamefunga barabara kwa barikadi na siku imeharibika. Nikasikia milango ya maduka inashuka, pa, pa, pa. Muuza mandazi akakimbia na karai lake la mafuta ya moto. Watoto wakaitwa ndani. Hata mimi nilifunga mulango na kitasa, ndipo nikakumbuka moshi ni wangu.

Shefu wa avenyu akaja na watu wake, wamekaza uso, wakakuta maandamano ni binti yangu na koleo. Akaniangalia kwa huruma kabisa. «Mama, ungetuambia. Mimi bibi yangu nimeshamupandisha kwenye pikipiki na watoto wote.» Nikamupa kiti, nikamupa chai, akangoja mpaka moshi ukaisha ili awe shahidi. Leo akipita hapa ananisalimia «Mama Barikadi». Nafurahi.

Zile silembloki nyekundu kuziingiza kulitaka mashini ambayo garaje kubwa zinayo. Bénita hana. Alichukua chuma kirefu chenye meno, na kipande cha bomba, na boloni mbele na nyuma, akawa anakaza polepole, mupira unaingia wenyewe kama mutu anaingia kanisani amechelewa. Akapaka ile grisi iliyokuja nazo, kwa sababu alisema bila grisi zitalia kama kitanda cha zamani. Kisha akarudisha mikono ya chuma, lakini boloni hakuzikaza. Akashusha gari kwanza ikasimama kwa magurudumu yake, halafu akaingia chini kuzikaza. Nilimuuliza kwa nini asingezikaza pale juu, ilikuwa rahisi. Akasema: «Mama, unafunga mukanda ukiwa umesimama au ukiwa unaning'inia?» Huyo ndiye unayetaka aache vyuma.

Sasa njoo kwenye jumamosi ya jana, siku uliyopanga wewe kuwa ya mwisho.

Unajua desturi yetu. Mutungi wa kasiksi, pombe ya ndizi ya wakwe, unabebwa na baba mudogo wa kijana, kwenye magoti, haugusi chini mpaka mulango wa wakwe. Ukifika umemwagika, wanasema bwana arusi ana mukono mulegevu, na wanaanza kuongeza mambo. Bashige alikuja na gari yake ya jipu, amevaa suruali ya rangi ya maziwa, anataka kuweka mutungi kwake. Nikamuambia mutungi uko tayari kwenye Subaru, kiti cha nyuma, na anayeubeba atakaa pale ulipo. Akaniangalia, akaangalia wazee, wazee wakaangalia saa. Bibi yake akachukua usukani wa jipu. Yeye akaingia kwetu.

Nyuma, Olivier. Juu kabisa ya silembloki.

Sitakudanganya, zile ngumu zinakusimulia kila jiwe la Katindo. Mukanda wangu wa kitenge ulifunguka. Lakini kwenye mawe Bénita alienda polepole kama anabeba mayai, na Bashige alikuwa amekumbatia mutungi na macho yamefungwa, sijui alikuwa anasali au anangoja shasi ikatike. Tukafika kwenye gudroni, ile lami ya kupanda Munigi. Unaikumbuka ile kona ambapo mukia ulikuwa unatupa nje, ambapo Modeste mwenyewe alikuwa ananyamaza? Bénita hakupunguza. Bashige akasema kutoka nyuma: «Punguza, mutoto.»

«Baba mudogo,» Bénita akamujibu, na hakugeuka, «wewe shika mutungi. Gari nimeishika mimi.»

Akakata kona. Mbele ikaenda na nyuma ikaenda, pamoja, kama watu waliokubaliana. Mimi sikuangalia barabara. Niligeuka kuangalia suruali.

Ilikuwa kavu. Majani ya ndizi kwenye mudomo wa mutungi yalikuwa makavu. Alishuka mbele ya wakwe, akautoa mutungi umejaa mpaka shingoni, wamama wa upande wa bibi arusi Umutesi wakapiga vigelegele. Waliongeza mambo hata hivyo, wakwe ni wakwe, lakini hayo ni ya Cikuru na atakuandikia mwenyewe. Umutesi ni mutoto mwenye adabu, anacheka kwa sauti, nimemupenda.

Kwa kurudi, jipu ya Bashige ilikuwa imesimama pale, bibi yake anapiga honi, kiti cha mbele kiko wazi. Hakuwa na mutungi tena, hakuna desturi iliyomushika. Alipita pembeni ya jipu yake, akafungua mulango wa nyuma wa Subaru, akakaa. Mimi niliangalia barabara, na unajua ilinigharimu.

Kwa hiyo, mudogo wangu, hii barua si ya kukuomba ruhusa, ni ya kukupa habari. Gari haiendi. Haitachinjwa, haitavutwa, haitapumzishwa. Wewe ni mujomba, una haki ya kuogopa, na mimi kuogopa kwako nakupokea kama mapenzi. Kuogopa, endelea. Kuamuru, pumzika. Na ile habari ya bwana ambaye hataoa kucha zenye grisi, atembee kwa miguu.

Ukitaka kweli kumulinda Bénita, umutumie ile miguu ya chuma ya kusimamishia gari, kwa sababu vigogo vya Habineza lazima virudi kuwa chukudu. Na utume silembloki za mbele. Amesha lala chini akaangalia, nazo zimeanza kupasuka.

Nisalimie Uwizeye na watoto wote. Nisalimie Mukamugema ukimuona kanisani, umuambie mbegu zake za mboga za linga-linga ziliota. Cikuru anakusalimia, Umutesi anakusalimia japo hajakujua. Habineza pia. Bashige anakusalimia, alisema hivyo jana wakati wa kushuka kwenye gari, kwa sauti ndogo.

Mungu akulinde kwenye barabara zenu laini, na sisi atulinde kwenye mawe yetu, maana ameyaweka yeye.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ukikasirika,

Joviale,
mama ya Bénita