Washa Saa Mbili

4 Machi

Mwanangu,
Hujambo huko kazini? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananinunia. Tatizo ni umeme. Mwezi uliopita tumekula uniti mia tatu na tisini! Maji ya moto ndiyo yanayotumaliza. Mkeo anamwogesha mtoto mara tatu kwa siku, na nikimuuliza anaendelea kumsugua tu. Wewe ni fundi, hebu piga hesabu.
Mama yako

12 Machi

Shikamoo Mama,
Pole na magoti, yakande. Hesabu nimepiga. Hita ya maji ni kilowati moja, na juu ya swichi nilibandika karatasi: WASHA SAA MBILI. Moja mara mbili ni uniti mbili kwa siku, sitini kwa mwezi. Hizo nyingine zinakwenda wapi? Nimemwandikia mke wangu aseme ukweli kama anafulia watu nguo kwa maji yetu. Akishindwa, aende kwao kwanza.
Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Mkeo aliondoka siku ileile barua yako ilipofika. Hakulia. Alimbeba mtoto akaniambia, “Mama, mwizi mimi siyo.” Nyumba haina sauti.

Leo nimesoma mita. Naoga peke yangu, na uniti zimepungua kidogo tu. Hita naiwasha mwenyewe tangu ulipoondoka, kama ulivyoandika: saa mbili asubuhi, watoto wakiingia shule. Nazima jioni nikifunga madirisha. Sijaruka hata siku moja. Sasa anayekula umeme ni nani?
Mama yako

9 Aprili

Shikamoo Mama,
Nisamehe, leo sina hata moyo wa kukujulia hali. Nilitaka iwake muda wa saa mbili, basi, kisha izimwe. Ningeandika “masaa mawili” kama tunavyosema nyumbani, ungeelewa. Lakini shuleni mwalimu alinichapa kwa neno hilo, akisema si sanifu, na mpaka leo naogopa kuliandika. Nenda kwao, Mama. Mwambie mke wangu kosa ni langu.
Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Nilikwenda. Mkeo alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nilimwomba radhi, maana mimi ndiye niliyeanza kumsingizia, na kwangu alisema yamekwisha. Kisha nikamsomea barua yako. Aliisikiliza yote, mtoto yuko mapajani.

“Kunituhumu aliniandikia mwenyewe,” akasema. “Kuniomba radhi anamtuma mama?”

Niliikunja barua yako. Nimerudi peke yangu.
Mama yako