Kamba Yenye Mafundo ya Magoti

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinikataza kusema neno lolote kabla ya salamu.

Tangu tukuzike, kijiji chetu cha ujamaa kimefungua darasa la watu wazima. Bibi naye anajifunza kusoma, ameketi chini juu ya gunia. Kamati ilitaka kuangusha ule mti wa mkulo wa kwenye chemchemi, upasuliwe mabenchi. Nikakumbuka ulivyosema mti ule ndio unaotutunzia maji. Nikasimama mkutanoni, Baba, nikaomba wiki moja. Nilisema tutengeneze vigoda vyako vya miguu mitatu: vya mabaki ya mbao na matawi ya miwati, vikazwe kwa kabari, maana misumari haipatikani dukani. Na sakafu ya udongo ina mabonde, lakini miguu mitatu haiyumbi.

Mzee Hoza, mwenzako wa karakana, alinisaidia kuchonga. Vigoda sita vya kwanza vilipendeza. Wazee walipoketi, magoti yakawafika kidevuni.

“Mjukuu wangu,” Bibi akasema, “mnataka nisome au nichutame?”

“Binti wa fundi katufungulia darasa la vyura,” akasema Mzee Hoza. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliulizia shoka.

Nilikwenda nyumbani nikalia. Ndipo nikaitazama vizuri kamba yako, ile yenye fundo la urefu wa goti la kila mtu wa nyumba hii. Nilikuwa nimepima kwa fundo langu, ulilolifunga nilipoanza darasa la kwanza. Siku ile uliniambia, “Kaa kwanza, ndipo usifie.” Mimi nilisifia kwanza.

Nikampima Bibi, kisha wenzake, mmoja mmoja. Tulibadilisha miguu tu, tukatia mirefu. Mbao za kukalia zilikuwa nzuri, hatukutupa hata moja. Jana Bibi aliandika jina lake lote, akainuka bila kushikwa mkono. Mwenyekiti naye akaketi, akajitikisa huku na huku, kigoda kikatulia. Akasema shoka lirudishwe stoo.

Baba, kamba sasa imejaa mafundo ya watu wasio wa nyumba hii. Lako nimeliacha palepale. Kigoda kimoja nimekikata kwa urefu wa fundo lako, kiko karibu na meko, na Mama hamkatazi mtu kukikalia.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitampima mtu kabla sijagusa mbao.

Mwanao,
Mwanaidi