Nguzo Kumi na Mbili, Viatu Vyote vya Kushoto

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yale macho, bado yanagombana na miwani? Sisi huku wazima, tunasukuma siku.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nimekukosea miaka mingi, na nimelijua hilo wiki hii tu. Nivumilie nianzie kazini, ndipo nifike.

Tunachora jengo jembamba lililobanwa na majirani pande zote mbili. Lina nguzo kumi na mbili za chuma, sita kushoto, sita kulia, zilizogandana na kuta za watu. Lile bamba la chini ya nguzo, lenye bolti za kuishika kwenye zege, kwenye programu yetu lipo la tayari: bolti nne, kila kona moja. Sasa upande wa ukuta spana itapita wapi? Nikaunda la kwangu. Bolti zote nikaziweka upande wa ndani, na kona moja ya mbele nikaikata kupisha bomba la maji ya mvua. Lilinila siku mbili. Lilipokaa sawa nikalinakili, nikalizungusha kwa zile nguzo za kulia, nikaandika “imekaguliwa”, nikaenda zangu nikijiona mtu wa maana.

Jumatano fundi wa karakana akanipigia simu.

“Dada, hilo jengo lenu lina miguu miwili ya kushoto? Mbona viatu vyote ni vya mguu mmoja?”

Viatu! Mjomba, ni kama nilikusikia wewe, uliyekuwa ukiyaita mabamba hivyo hivyo. Nikafungua mchoro, nikaliona kosa. Kiatu cha kushoto hata ukizungushe vipi hakiwi cha kulia, kisigino tu ndicho kinakuja mbele. Kwa zile nguzo sita za kulia kona iliyokatwa ilikuwa imekwenda nyuma. Nilitakiwa kuligeuza bamba kama linavyoonekana kwenye kioo. Na fundi alikwishayakata mabamba yote kumi na mawili.

Kisha akasema taratibu, “Mwambie mhandisi mimi ndiye niliyekata vibaya. Sisi mafundi tumezoea lawama.”

Sikufichi, nilitaka kukubali. Mhandisi wetu alishaapa kwamba atakayekosea mchoro tena atafungasha virago. Lakini hilo “tumezoea” lilinichoma. Nikakumbuka ulivyorudi na sanduku lako la zana, siku uliyofukuzwa kazi kwa sababu ya nguzo za lile ghala. Ulisema ulikata kama mchoro ulivyoagiza. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimetoka chuoni, kichwa kimejaa upepo, nikakujibu mbele ya watu wote mezani kwamba mchoro wa kompyuta haukosei, na kwamba hayo si viatu, ni mabamba. Ulinawa mikono ukatoka nje.

Nilimwendea mhandisi nikamwambia kosa ni langu, fundi hahusiki. Akaniondoa kwenye jengo lile. Kesho ndiyo nitajua kama bado nina kazi. Fundi yuko kazini kwake, na hilo linanituliza.

Nisamehe, Mjomba. Nakuomba na jambo moja: ule mchoro wa ghala ulikuwaje? Miaka yote hii hapa nyumbani hakuna aliyekuuliza. Niandikie, hata zikiwa kurasa kumi, na unichoree.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu yangu mshonaji, mwambie gauni lilinikaa barabara. Mungu akuzidishie afya na siku njema.

Mama nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Alilia, kisha akaniambia niongeze kwamba dada yako naye anasubiri jibu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na mwenye haya,

Kidomodomo