Mkia wa Kamba: Kikao cha Ukoo wa Chenge Kuelekea Choma ya Nane Nane

UMOJA WA UKOO WA CHENGE

Kumbukumbu za kikao cha maandalizi ya Choma ya Ukoo, kilichofanyika Jumapili tarehe 20 Julai 1997, nyumbani kwa Mwenyekiti, Usagara, baada ya misa ya pili.

WALIOHUDHURIA
1. Ndg. Ndalahwa Chenge – Mwenyekiti
2. Mwl. Kemilembe Rutashobya, mke wa Revocatus Chenge – Katibu
3. Bi. Getruda Chenge – Mjumbe, Timu ya Mawifi
4. Bi. Paskazia Muganyizi – Mjumbe, Nahodha wa Timu ya Wake
5. Ndg. Obedi Chenge – Mjumbe, Vijana
6. Ndg. Ngosha – Mkuu wa Moto

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Ndg. Revocatus Chenge. Yuko Busisi anasubiri kivuko. Mkewe ndiye Katibu na anathibitisha kwamba udhuru huo ni wa kweli safari hii.

ALIYEHUDHURIA BILA KUALIKWA
Bibi Suzana Chenge, dada mkubwa wa Mwenyekiti.

KUMB. NA. 1/97: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi na hotuba ndefu. Alikumbusha kwamba Choma ilianzishwa na marehemu baba yake, Mzee Chenge, ili watoto wake waliotawanyika warudi nyumbani kila sikukuu ya wakulima, enzi zile ikiwa Saba Saba na sasa Nane Nane. Watu hukutana ufukweni Kigongo. Ng'ombe huchomwa, sato huchomwa, matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa hutafunwa, na jua likipoa hutandazwa kamba ya katani. Upande mmoja hushika mabinti waliozaliwa katika ukoo, ambao ni mawifi zetu. Upande wa pili hushika wanawake walioolewa humu, ambao ni sisi. Anayeshika mkia wa kamba kwa upande ulioshinda ndiye hukata kidari cha ng'ombe na kugawa apendavyo.

Mwenyekiti alisema tangu Usagara mpaka Butimba hakuna ukoo wenye choma kama hii, na kwamba watu wa koo nyingine huja wakijifanya wamepotea njia. Wajumbe walipiga makofi. Katibu naye alipiga, kwa kuwa ni kweli.

KUMB. NA. 2/97: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Bi. Paskazia aliuliza iwapo mwaka huu wake waliotoka Bukoba wataruhusiwa kuweka ndizi pembeni mwa moto. Mkuu wa Moto alijibu kwamba ndizi inanyonya mafuta ya nyama ambayo haikuyatolea jasho. Bi. Paskazia alisema hayo hayo husemwa kuhusu baadhi ya wanaume. Mwenyekiti aliagiza suala hilo lisogezwe mbele kwenye mengineyo.

KUMB. NA. 3/97: UJIO WA TELEVISHENI
Ndg. Obedi, ambaye ana duka la kanda za video na seti za televisheni pale Makoroboi, alieleza kwamba kituo kipya cha televisheni cha Dar es Salaam kinatafuta visa vya michezo vya kuonyesha nchi nzima. Amezungumza nao kwa simu na wamekubali kuleta kamera Kigongo siku ya Nane Nane.

Bi. Getruda alipiga kigelegele. Mkuu wa Moto aliuliza kama kamera inaweza kuonyesha harufu. Mwenyekiti alisema laiti baba angekuwepo, akatoa leso. Hakuna aliyemcheka.

Ndg. Obedi aliendelea kwamba yapo masharti madogo madogo. Kwanza, washindani wavae fulana zitakazotolewa na kampuni moja ya sabuni, zenye picha ya sabuni kifuani. Pili, lazima kiwepo kisa. Watu wa televisheni wanapenda mchezaji aliyezuiwa na mumewe kucheza, akacheza kwa siri, akashinda, mwishoni akalia.

Bi. Paskazia alisema mumewe hajawahi kumzuia. Kila mwaka ndiye humfunga kanga kiunoni kabla ya kuvuta, na fundo lake halijawahi kufunguka. Akaongeza kwamba kamba tuliyozoea ni ya kuvuta, lakini Obedi sasa anatufunga kamba ya uongo. Ndg. Obedi alisema enzi hizi ni za soko huria na kila mtu lazima ajue kujiuza. Bi. Paskazia alimwambia ajiuze yeye kwanza tuone bei. Katibu aliombwa asiandike maneno hayo. Ameyaandika.

KUMB. NA. 4/97: NANI ASHIKE MKIA WA KAMBA, TIMU YA MAWIFI
Hapo ndipo Ndg. Obedi alipolitaja sharti la tatu, na akalitaja akiangalia chini. Alisema watu wa televisheni waliwahi kupelekewa kanda ya mwaka jana, na waliporudi kwenye simu waliuliza, yule bibi mnene wa mwisho mbona hafanyi kitu? Amekaa tu kama gogo. Wangependa mkia ushikwe na mtu anayechangamka.

Ili anayesoma kumbukumbu hizi siku zijazo aelewe: bibi huyo ni Bibi Suzana. Mzee Chenge ndiye aliyemkabidhi mkia siku ya kwanza kabisa, na tangu siku hiyo hajawahi kuvutwa kuvuka mstari. Wake wa ukoo huu, wakiwemo Katibu na Nahodha, wamekuwa wakiburuzwa kwenye tope la Kigongo kila mwaka, na picha zipo. Bibi Suzana havuti kwa kelele. Anakita visigino, anaegemea nyuma, anasubiri.

Mwenyekiti alieleza kwamba anampenda dada yake, na kwamba goti lake la kushoto linamsumbua, na kwamba heshima kubwa kwa mzee ni kumpumzisha. Alipendekeza Bibi Suzana apewe kiti cha kifahari karibu na moto, na mkia ashike Bi. Getruda. Bi. Getruda alisema hakuomba, ila kama ni wito wa ukoo hawezi kuukataa. Ilionekana kwamba fulana tayari alikuwa ameijaribu, kwa sababu alijua ya kwake ni saizi gani.

Katibu aliomba kusema kama mjumbe. Alisema amevutwa na Bibi Suzana tangu akiwa bi harusi mpaka leo ana watoto wanne. Alisema kila mwaka akifua tope kwenye kanga yake huapa kwamba mwakani ni mwakani. Sasa wake wamefanya mazoezi, wana nguvu, na mwaka huu wanaona wanaweza. Lakini wanataka kumvuta Suzana. Wakimvuta Getruda na sabuni yake kifuani watakuwa wamemshinda nani? Watoto wao watawauliza, na watakosa jibu. Katibu anakiri alisema haya akiwa amesimama na sauti yake haikuwa ya kikao.

Mwenyekiti alimshukuru Katibu na kumkumbusha kuwa kazi yake ni kuandika.

KUMB. NA. 5/97: KURA
Wakati huo mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Bibi Suzana aliingia uani akitokea Butimba. Ndg. Obedi alimpa shikamoo shangazi, yeye akaitikia marahaba, akaketi kwenye ngozi karibu na mlango bila kuuliza kinachojadiliwa. Na Mkuu wa Moto akatoka nyuma ya nyumba na sinia la paja la mbuzi, alilokuwa amechoma ili kupima mkaa mpya.

Mwenyekiti, kwa haraka ya kumaliza jambo kabla dada yake hajalijua, alisema, "Haya, hoja mnaijua. Tupige kula. Wanaotaka kula, wanyooshe mikono."

Katibu anaomba ieleweke kwamba Mwenyekiti wetu ni msemaji mzuri, ila herufi ya R na herufi ya L kinywani mwake ni watoto pacha. Sinia lilikuwa mbele yetu. Mikono yote ilinyooka. Ya Katibu pia ilinyooka, maana tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni. Bi. Paskazia alinyoosha miwili. Mkuu wa Moto alinyoosha uma. Bibi Suzana naye, pale alipoketi, alinyoosha mkono na kusema, "Mimi nipeni la mfupa."

Mwenyekiti alihesabu na kutangaza kwamba imepitishwa kwa kauli moja, Dada Suzana ameondolewa kwenye mkia wa kamba.

Palitokea mtafaruku. Bi. Paskazia alisema yeye alipigia kura mbuzi. Mkuu wa Moto alisema kama huo ni uchaguzi, basi nyama irudi jikoni. Mwenyekiti alishikilia kwamba mkono ukishanyooka umenyooka, na hata serikalini hakuna kurudia. Bibi Suzana alitafuna mpaka akamaliza, akajifuta mikono, ndipo akauliza, "Ndalahwa, ina maana nimejifukuza mwenyewe kwa ajili ya paja la mbuzi?"

Mwenyekiti alisema, "Dada, ni kwa sababu ya goti."

Bibi Suzana alisema goti ni lake na anajua linavyouma. Alisema pengine huu ni mwaka wake wa mwisho kushika kamba, na hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni namna ya kuondoka. Baba hakumweka pale kwa kura. Alimwambia binti akiolewa mbali asisahau kuvuta kwao, akamkabidhi ile kamba mkononi. "Siku nitakayovutwa," alisema, "nitainuka kwenye tope, nimkatie kidari kwa mkono wangu yule aliyenivuta, nirudi nyumbani kwangu Butimba na moyo mweupe. Hiyo ndiyo njia ya kutoka. Lakini kutolewa kwa sababu sionekani nikihangaika? Mimi nikihangaika si tumeshashindwa!"

Kisha akasema anayetaka kumtoa kwenye kamba amtoe kwa kamba. Akamtuma Ngosha akailete.

KUMB. NA. 6/97: KAMBA
Upande wa hoja walishika Mwenyekiti, Ndg. Obedi na Bi. Getruda. Upande wa kuipinga walishika Bi. Paskazia mbele, Katibu katikati, Bibi Suzana kwenye mkia. Kwa maneno mengine, waliozaliwa humu walisimama kumtoa binti wa ukoo, na wake waliokuja kwa ndoa walisimama kumtetea. Katibu anaiacha sentensi hiyo hapo, kila mtu akalale nayo. Mkuu wa Moto alikuwa mwamuzi, kwa kuwa mwenye moto hana upande. Kwa muda huo daftari la kumbukumbu lilishikwa naye, na hakuandika chochote isipokuwa alama mbili za mafuta.

Mwamuzi alisema vuta. Upande wa Mwenyekiti ulivuta kwa kelele kubwa. Ndg. Obedi alichangamka kiasi cha kufaa kwa televisheni. Bi. Paskazia na Katibu walianza kuvuta kwa pupa kama walivyozoea, na miguu ikaanza kuteleza. Hapo Katibu alisikia sauti tulivu nyuma ya sikio lake. "Wifi, msivute. Kaeni tu. Waacheni wachoke."

Tukakaa. Ukweli mtupu ni kwamba Katibu, ambaye miaka yote amemjua Bibi Suzana kama uzito usiokubali upande wa pili wa kamba, leo kwa mara ya kwanza aliusikia uzito huo ukiwa nyuma yake. Ni kama kuegemea ukuta wa nyumba yenu. Hata hofu ilimtoka. Alijikuta anacheka.

Upande wa pili kelele zilipungua, kisha zikawa pumzi. Bibi Suzana alisema, "Mmemla ng'ombe mzima, leo mnashindwa mkia?" Halafu akasema, "Haya."

Neno lilikuwa hilo moja. Mwenyekiti, Mjumbe wa Vijana na Bi. Getruda walivuka mstari wakafika mpaka banda la kuku, na kiatu kimoja cha Ndg. Obedi kilibaki njiani. Hoja ilianguka pamoja na waliokuwa wameishika.

KUMB. NA. 7/97: MAAZIMIO NA MENGINEYO
(a) Iliazimiwa kwamba mkia wa kamba, Timu ya Mawifi, utashikwa na Bibi Suzana Chenge.

(b) Ndg. Obedi apige simu Dar es Salaam aseme kamera inakaribishwa kwa mikono miwili, ila itatukuta tulivyo. Hakuna aliyezuiwa na mumewe, na fulana za sabuni zitafaa kwa kufutia masinia. Wakitaka kuona bibi asiyefanya kitu, wamwangalie visigino. Wakiona kisa hicho hakifai, moto utawashwa vilevile. Ndg. Obedi, akiwa bado na kiatu kimoja, alisema kwa kweli hata yeye sasa anaona kisa kipo.

(c) Ndizi zimeruhusiwa pembeni mwa moto. Mkuu wa Moto alisema kwa kazi aliyoiona leo, watu wa Bukoba wametoa jasho.

(d) Bi. Getruda alimfuata dada yake akamwomba radhi, na alijibiwa kwamba zamu yake itafika kwa kamba kama zamu zote. Hata hivyo alilalamika kikaoni kwamba dada amewafundisha wake siri ya ushindi, wiki chache tu kabla ya Nane Nane, na kwamba sasa wataitumia dhidi ya mawifi wenyewe. Bibi Suzana alikuwa akijifunga kanga aondoke. Alimjibu, "Najua. Basi mwaka huu mtavuta kweli."

Katibu na Nahodha walitazamana. Mazoezi ya Timu ya Wake kwa mbinu hii mpya yanaanza kesho jioni.

KUMB. NA. 8/97: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi jioni, baada ya paja la mbuzi kwisha. Mwenyekiti hakuwa na hotuba.

Kumbukumbu hizi zimesomwa mbele ya wajumbe na zimekubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, pamoja na yale waliyoomba yasiandikwe.

Ndalahwa Chenge
MWENYEKITI
(Amesaini kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umebabuka kwa kamba.)

Kemilembe Rutashobya
KATIBU
(Amesaini kwa wa kulia. Nao umebabuka, ila hausikii maumivu.)